Kupanda jukwaa moja na wachekeshaji wazoefu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Ukurasa huu ni wa mtu aliyezoea kuchekesha harusini, chuoni au kijiweni, na sasa kaambiwa kuna shoo, kuna mgeni anashuka kutoka Dar, na jina lake limo kwenye ratiba hiyo hiyo.

Nimepewa dakika tano. Niandae za dakika ngapi?

Andaa za dakika nne. Ukijipima chumbani hakuna anayecheka, kwa hiyo saa ya simu inakudanganya: kichekesho kinachokwenda sekunde 30 chumbani kitakula 40 au 45 ukumbini. Dakika nne za kusema bila kukimbia ni kama maneno 450 hadi 500, karibu kurasa mbili za daftari. Jipime ukiwa umesimama na unasema kwa sauti. Kusoma kimoyomoyo ukiwa kitandani hakuhesabiki.

Halafu weka mambo mawili pembeni. La kwanza ni kichekesho kimoja cha katikati ambacho uko tayari kukiruka muda ukibana. La pili ni dakika mbili za akiba, maana inawezekana aliyekutangulia akasema jambo lako kabla hujapanda. Kichekesho cha mwisho hakiguswi. Wengi wanaoanza hukikata hicho hicho, kwa sababu tu muda umewakuta hapo, na kwa kuwa watu hupanga kizuri mwishoni, wanashuka na bora lao likiwa bado mfukoni.

Nikipitiliza dakika mbili tu, tena watu wakiwa wanacheka, kuna ubaya gani?

Tuseme ratiba ina watu sita. Watano wa mwanzo wakiongeza dakika mbili kila mmoja, dakika kumi za mchekeshaji mkuu zimekwenda. Ukumbi umekodiwa hadi saa fulani, jenereta ina mafuta ya saa fulani, na mtu wa Mikindani au Naliendele ameshaanza kuwaza bodaboda ya kurudi. Tena kucheka kunachosha. Ukumbi uliokwisha cheka saa moja na nusu hutoa kicheko kidogo kwa maneno yale yale ambayo mapema yangewaangusha kwenye viti. Deni la dakika zako analilipa wa mwisho, ambaye ndiye watu walimtolea kiingilio, na ambaye waandaaji humuuliza: yule kijana tumwite tena?

Kabla ya kupanda, muulize mwandaaji ishara ya muda ni ipi, nani anaishika na amesimama wapi. Kwa kumbi zetu mara nyingi ni tochi ya simu inayowashwa nyuma ya ukumbi ikibaki dakika moja. Ukiiona, malizia ulichokuwa unasema, ingia kwenye cha mwisho, shuka. Usitangaze "naona wananiambia muda umeisha", kwa sababu watazamaji walikuwa hawana habari na sasa nusu yao wamegeuza shingo kutafuta tochi. Kama hakuna wa kukupa ishara, tega simu yako itetemeke mfukoni dakika ya nne. Hakikisha ni mtetemo, si mlio. Kichekesho kinachokatishwa na adhana ya simu yako mwenyewe hakirudi.

Kwa nini kila mara mimi ndiye wa kwanza?

Kwa sababu nafasi ya kwanza ndiyo ngumu na ndiyo isiyo na gharama kwa mwandaaji. Watu bado wanaingia, wahudumu wanapita na sahani za chipsi, meza ya mbele inabishana kuhusu nani amekalia kiti cha nani. Ukumbi wa namna hiyo haujawa hadhira, ni watu tu waliokaa karibu karibu, na kazi yako ni kuwageuza.

Kwa hiyo usianze na kisa kirefu. Kicheko cha kwanza kipatikane ndani ya sekunde 20 hadi 30. Dakika nzima ya mwanzo iwe na vichekesho vifupi, vya sentensi mbili au tatu, ili aliyekuwa anaangalia simu akose kimoja lakini asikose kinachofuata. Kisa kirefu, kama unacho, kikae dakika ya tatu. Na muombe MC, kwa upole, afungue yeye mwenyewe kwa dakika tatu au nne kabla ya kukuita. MC anayejua kazi atafanya hivyo bila kuombwa. Asiyejua ataanza na "jamani mko poa? Siwasikii!" mara sita, atakukabidhi watu waliochoka kupiga kelele.

Nani anafanya nini kwenye shoo yenye wazoefu?

MC anaendesha na kurekebisha hali ya ukumbi kati ya mtu na mtu. Wafunguzi, ambako ndiko ulipo, wana dakika tano hadi saba. Wa kati ana kumi hadi ishirini. Mkuu ana nusu saa na kuendelea. Fundi mitambo hatajwi kwenye bango, lakini ndiye wa kwanza kusalimiwa.

Mgeni kutoka Dar lazima atakuja na utani wa Wamakonde. Nimwachie, au nimuwahi?

Swali hili huulizwa kuliko yote.

Kwanza, ujue mada inaungua. Ukitumia dakika mbili kwenye korosho, anayekufuata akitaja korosho watu watacheka nusu, hata kama kichekesho chake ni kizuri kuliko chako. Mgeni anayekuja Kusini kwa mara ya kwanza karibu kila mara ameandaa kitu juu ya mambo manne: korosho, chale za usoni, ngoma ya sindimba, na safari ndefu ya basi. Hayo ndiyo aliyoyasikia akiwa Dar. Mfuate kabla ya shoo umuulize: "Kaka, kuna mada unayoishika ambayo nisiiguse?" Sentensi moja tu. Wengi watakujibu kwa furaha, kwa sababu wanaoanza hawaulizi. Akisema anagusa korosho, wewe iache kabisa. Huo si unyonge. Yeye ana nusu saa iliyojengwa kwa mpangilio, ukimng'olea tofali la katikati ukuta wote unayumba, nawe una dakika tano tu za kubadilisha.

Pili, na hapa ndipo una faida ambayo yeye hana: mgeni anajua korosho, wewe unajua msimu. Anajua kuna hela. Wewe unajua mnada, unajua stakabadhi ghalani, unajua mtu anavyokaa na simu mkononi akisubiri ujumbe wa benki, unajua kilo zinavyopungua kati ya nyumbani na ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Ukumbi wa Mtwara hauchekeshwi na neno "korosho", umeshalisikia. Unachekeshwa na jambo dogo ambalo kila mtu amelijua siku zote na hakuna aliyewahi kulisema kwa sauti.

Tazama tofauti. Rasimu ya kwanza ya mtu anayeanza huwa hivi:

"Sisi watu wa Tandahimba bwana, msimu wa korosho ukifika tunakuwa na hela nyingi sana, tunanunua vitu ambavyo hata hatuna kazi navyo, halafu msimu ukiisha tunaviuza tena."

Ni kweli tupu, na hakuna atakayecheka, kwa sababu hakuna cha kuona. Hiyo hiyo ikiandikwa upya:

"Baba mdogo Novemba kanunua friji. Kijijini kwake umeme haujafika. Nikamuuliza, baba mdogo, friji ya nini? Akasema, mwanangu, hili ni kabati lenye ufunguo. Machi nimekwenda kumsalimia, kabati halipo, limeuzwa. Kabaki na ufunguo."

Watu wengi wamekuwa mtu mmoja, vitu vingi vimekuwa friji, na majina mawili ya miezi yamefanya kazi ya kueleza msimu bila kuueleza. Neno linalochekesha limekaa mwisho kabisa. Ukisema "ufunguo ndio kabaki nao peke yake siku hizi", umeweka maneno saba baada ya neno linalochekesha, watu watajizuia ili wakusikie, na kicheko kilichozuiwa huwa hakirudi na nguvu zake.

Tatu, utani una sheria zake na watu wa huku wanazijua. Mmakonde, Mmakua, Myao na Mmwera wanaweza kurushiana maneno mazito hadi msibani, na hakuna anayekasirika. Lakini ruhusa hiyo inatokana na wewe ni nani, na lazima ukumbi uijue kabla hujaitumia. Kama wewe ni Myao na unamrushia Mmakonde, jitambulishe mapema: jina la ukoo, Masasi, mjomba, chochote kitakachowaambia kwamba huyu ni mtani. Asiye mtani akisema maneno yale yale anatukana. Njia salama kwa asiye na utani ni kujiweka yeye ndiye mjinga wa kisa, aliyefika mahali na asielewe kitu.

Naweza kuchekesha kwa Kimakonde au Kimwera?

Kama ukumbi wote ni wa Newala, sawa. Lakini Mtwara mjini kuna watumishi waliohamishiwa kutoka kila mkoa, Masasi kuna Wamakua na Wayao, Lindi kuna Wamwera, na Kilwa utakutana na Wamatumbi. Kanuni ni hii: neno la kilugha liweke mwanzoni, ulifafanue kwa kitendo au kwa neno jingine, kisha panchi, yaani neno la mwisho linalochekesha, iwe ya Kiswahili, au iwe neno lile lile ambalo sasa kila mtu amekwisha lielewa. Panchi inayohitaji tafsiri imekufa.

Lafudhi ni jambo jingine. Kusema "Ntwara" na "ntu" ili kuchekesha ni mtaji wa kila mgeni, na ukumbi unacheka kwa adabu tu. Ukiwa mwenyeji itumie pale ambapo mhusika anaongea, si katika maneno yako yote.

Nyuma ya jukwaa nikae vipi na hao wakubwa?

Salimia kila mtu, ukianza na waliokuzidi umri. Shikamoo haijawahi kumpunguzia mtu vicheko. Aliyekuzidi miaka michache mwite kaka au dada, "mambo vipi" iache hadi yeye aianzishe. Jitambulishe kwa sentensi moja: jina, unatokea wapi, unapanda wa ngapi.

Baada ya hapo nyamaza. Mzoefu aliye kimya pembeni huenda anarudia maneno yake kichwani, na kumsimulia maisha yako wakati huo ni kumpokonya kalamu mtu aliye kwenye mtihani. Usimfanyie vichekesho vyako ili umsikie anasemaje. Wachekeshaji hawachekani. Kichekesho kizuri sana hupata neno "kipo hicho" na uso mkavu, nawe utapanda na moyo uliovunjika bure.

Akishuka, usimrukie na "bro, mimi nilikuwaje?" Mpe dakika kumi na tano, anywe maji. Ukitaka maoni, uliza kitu kimoja kinachojibika: "Kile cha friji, mwanzo wake haukuwa mrefu?" Jibu la swali la namna hiyo ni la kufanyia kazi. Jibu la "nilikuwaje" ni "uko vizuri, kaza".

Na pombe iwe baada ya kazi, hata kama ni msimu wa mabibo na kuna mtu kaleta uraka, pombe ya mabibo, nyuma ya ukumbi. Ulimi unazidiwa kabla hujajua, na muda ndio wa kwanza kupotea.

Naruhusiwa kumrekodi akiwa jukwaani?

Bila ruhusa, hapana. Kipande cha sekunde 40 unachorusha mtandaoni kwa nia njema ni panchi aliyoitengeneza miezi, na wiki ijayo akifika Lindi ukumbi utakuwa umeshaisikia. Jirekodi wewe mwenyewe, sauti tu inatosha: simu mezani nyuma, uso wake ukielekea watazamaji.

Kesho yake sikiliza na karatasi mkononi. Weka mstari kila wanapocheka. Vicheko vinne kwa dakika ni kazi ya kuheshimika kwa anayeanza. Chini ya viwili, tatizo karibu kila mara ni utangulizi mrefu: hesabu maneno kabla ya kila panchi, palipozidi maneno 50 kata nusu. Sikiliza pia mahali ulipoongea juu ya kicheko. Watu wanaoanza huogopa kimya kiasi kwamba hawasubiri kicheko kimalizike, wanakirukia, na watazamaji hujifunza haraka kwamba kucheka ni kukosa kinachofuata.

Maiki inanisumbua. Inalia, au hawanisikii.

Mambo matatu. Kwanza umbali: vidole viwili au vitatu kutoka mdomoni, ukiielekeza mdomoni, si kidevuni wala kifuani. Ukigeuza kichwa, igeuze nayo. Pili mshiko: shika mpini. Wanaoshika kile kichwa cha wavu kama wasanii wa singeli wanaibana sauti na kuamsha mlio. Tatu mahali pa kusimama: usipite mbele ya spika. Ikilia, rudi hatua mbili nyuma ya mstari wa spika, usiizibe kwa kiganja, kuiziba kunaongeza mlio.

Ukifika jukwaani toa maiki kwenye stendi, kisha isogeze stendi nyuma yako. Usipoisogeza itabaki fimbo kati yako na watu, nawe utaanza kuizungukazunguka. Kama ni maiki isiyo na waya, muulize fundi betri zimewekwa lini. Betri zilizobaki kwenye sherehe ya Jumamosi iliyopita huisha katikati ya mtu wa pili, na wa pili ni wewe.

Shoo za wazi, hasa ufukweni Shangani au Mikindani, zina shida ya peke yake. Upepo wa bahari unaingia kwenye maiki, na kicheko kinapanda juu na kupotea kwa kuwa hakuna paa la kukirudisha. Watu wanacheka sawasawa, lakini wewe unasikia robo yake na unadhani umefeli, unaanza kukimbiza maneno. Tazama nyuso na mabega. Waombe waandaaji viti vya mbele viwe kama mita mbili kutoka jukwaani na visiachwe wazi, maana kicheko husambaa kwa kugusana mabega. Viti mia tatu vyenye watu themanini waliotawanyika ni msiba. Watu hao hao themanini wakibanwa mbele ni shoo.

Umeme ukikatika nikiwa juu?

Usishuke. Paza sauti, sogea mbele, sema jambo moja juu ya giza, waombe wa mbele wawashe tochi za simu. Sekunde 30 hizo watu watazisimulia kuliko dakika zako tano. Kama ukumbi ni mkubwa na sauti haifiki nyuma, subiri jenereta bila kusema kitu, na likiwaka anza kichekesho upya tangu neno la kwanza, si katikati.

Nimemfuata mtu aliyeua ukumbi. Watu bado wanamcheka yeye. Nianzie wapi?

Usianze. Simama, subiri sekunde tano hadi kumi, waache wamalize. Wakishatulia, mtaje kwa heshima: "Mpigieni tena makofi." Hapo umefunga mlango wake na kufungua wako. Anza kwa sauti ya chini kuliko yake. Alikuwa anaruka na kupiga kelele? Wewe simama mahali pamoja. Ukijaribu kumzidi nguvu utaonekana mwangwi wake.

Kama amesema kitu kinachogusa chako, ndipo akiba ya dakika mbili inapotumika. Na kama amesema kichekesho kinachofanana na chako kabisa, kiache hata kama ulikiandika wewe mwaka juzi. Ukumbi unajua nani kasema kwanza usiku ule, haujui mwaka juzi. Ukiamini ameiba, ongea naye pembeni siku nyingine, bila mashahidi na bila kuandika mtandaoni. Mara nyingi watu wawili hufika kwenye panchi moja kwa sababu jambo lenyewe liko wazi mno, na hiyo ni dalili kwamba kichekesho chako hakikuchimbwa vya kutosha.

Mkubwa akipanda akaanza kunitania mimi?

Cheka, tena wakuone unacheka. Amekupa zawadi: jina lako limetajwa na mtu waliyemlipia. Usimjibu ukiwa umekaa, usirudi jukwaani, usidai maiki. Mara nyingi anachokitania ni kitu ulichokisema wewe, kwa mfano "yule wa ufunguo", na kila anapokirudisha anawakumbusha watu dakika zako.

Ukumbi umenyamaza. Nafanyaje?

Endelea kwa mwendo ule ule. Ukikimbia watasikia hofu, na mtu hacheki anapomwonea mwingine huruma. Usiwalaumu ("mbona mmenuna?"), usiombe radhi, usieleze kichekesho. Ruka ulichokuwa umepanga, nenda kwenye kile ambacho hakijawahi kukuangusha. Kikikubali, endelea. Kikikataa nacho, fanya cha mwisho, shukuru, shuka kabla ya tochi. Hakuna MC aliyewahi kumchukia mtu aliyeshuka mapema.

Kimya huwa na sababu, na si kila mara ni wewe. Umepanda baada ya hotuba ya dakika ishirini ya mgeni rasmi. Chakula kimeletwa. Taa za ukumbi zimewashwa zote: watu hucheka kwa uhuru gizani, mwanga ukiwa kwa msemaji peke yake, kwa hiyo mwombe fundi azime za upande wa watazamaji. Au umeanza na mada ambayo ukumbi haukuwa tayari nayo, ambalo ndilo swali linalofuata.

Mada gani niziache kabisa mbele ya ukumbi wa huku?

Ya unyagoni na jandoni. Kutaja kwamba unyago upo, ngoma zake, kelele zake, hakuna shida. Kueleza wanachofundishwa ndani ni kuvunja siri mbele ya kina mama walioitunza, na ukiwapoteza kina mama umeupoteza ukumbi, wanaume nao hutazama wake zao kabla ya kucheka. Ya dini, mji wa pwani una masikio. Mwezi wa Ramadhani shoo kwa kawaida husimama, na hata zinazofanyika baada ya futari zinataka maneno ya sebuleni.

Matukio yenye machungu yapime kwa swali moja: kuna mtu humu alipoteza kitu? Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, Mtwara walitangaziwa, wakajifungia, kikaenda kutua Msumbiji. Ile siku ya kusubiri upepo usiokuja inachekesha hadi leo. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, pamoja na mafuriko yaliyokata barabara ya Lindi kwenda Dar, inachekesha kwa abiria aliyekwama na katoni ya samaki, haichekeshi kwa mwenye nyumba iliyoondoka. Gesi unaweza kuigusa. Vurugu za gesi za 2013 ziache, watu walikufa.

Kuhusu viongozi na siasa, kumbuka unachokisema ukumbini kitarekodiwa, na kikishapanda mtandaoni kinaingia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Na shoo si yako peke yako: kibali kimeombwa na mwandaaji, na wazoefu uliopanda nao ndio watakaohojiwa pamoja nawe. Masuala ya usajili wa wasanii na vibali yako BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Muulize mwandaaji kama kibali kipo kabla hujakubali kuweka picha yako kwenye bango.

Huku hakuna klabu ya komedi. Nitafanyia wapi mazoezi kabla ya siku hiyo?

Kijiwe cha kahawa, bila kutangaza. Ingiza kisa chako kama mazungumzo, uone kama mzee wa upande wa pili anainua kichwa. Kisa kikipita mara tatu kwenye vijiwe vitatu tofauti kinafaa jukwaani. Usiku wa vipaji kwenye vyuo, kama Stella Maris na vyuo vya ualimu, unakupa ukumbi wa vijana wasiosamehe. Harusi inakufundisha sauti na maiki, lakini usiihesabu: pale watu wanacheka kwa sababu wanamfahamu bwana harusi, na wewe ni MC.

Vichekesho vipya usivilete kwenye shoo yenye wazoefu. Hapo peleka vilivyokwisha pita. Kipya kimoja, kama huwezi kujizuia, kikae katikati kati ya viwili vya uhakika.

Nitalipwa?

Mara za mwanzo, mara nyingi ni nauli na chakula. Uliza kabla, si baada, tena kwa ujumbe wa maandishi: nauli ya kwenda na kurudi, chakula, na pa kulala kama shoo iko mbali. Kutoka Mtwara mjini hadi Lindi ni kama kilomita 105, Masasi karibu 200, na shoo inayomalizika saa sita usiku inaweza kukukosesha basi la kurudi. Waanzaji wengi hukubaliana "nauli" bila kutaja mara ngapi, wanapewa ya kwenda.

Nikishamaliza dakika zangu naweza kuondoka?

Kaa hadi mwisho, nyuma ya ukumbi, si meza ya mbele. Mkubwa akikutaja halafu haupo, kichekesho chake kinakosa pa kutua. Ukiwa pale nyuma usisikilize maneno yake, utayaiga bila kujua. Sikiliza anaponyamaza, hesabu kimoyomoyo ni sekunde ngapi, na uone ni nini kinachotokea usoni mwa watu katika zile sekunde.